Nyota anashinda, timu inapoteza: tuzungumze msimu wa kuogelea na soka sekondari

Mleta uzi

Wakuu, habari zenu.

Uzi huu ni kwa wazazi, makocha wa shule na vijana wenyewe walioko kwenye timu za kuogelea na soka. Kila msimu ukikaribia, maneno ni yale yale: fulani ana kasi, fulani ana mabao, tukiwa na huyu tumemaliza kazi. Msimu ukiisha, timu yenye nyota imeambulia nafasi ya nne na watu wanatafuta mchawi. Nimekaa muda mrefu kwenye ukingo wa bwawa na kwenye benchi la ufundi, na msimamo wangu ni mmoja: msimu wa shule unaamuliwa na mwogeleaji wa tatu na mchezaji wa 14. Nitaeleza kwa hesabu.

Naanza na kuogelea kwa sababu huko hesabu iko wazi. Nachukua kanuni za sekondari za Marekani, ambako mashindano ya shule kwa shule yana utaratibu ulioandikwa kila kitu. Shule mbili zikikutana kwenye bwawa la njia sita, kila moja inaingiza watu watatu katika kila shindano. Wa kwanza anapata pointi 6, wa pili 4, wa tatu 3, wa nne 2, wa tano 1, wa sita hapati kitu.

Sasa shika kalamu. Nyota wenu kagusa ukuta wa kwanza, jukwaa zima limesimama. Wapinzani wamekuja wa pili, wa tatu na wa nne. Vijana wenu wawili waliobaki wamekuja wa tano na wa sita. Nyinyi mna 7, wao wana 9. Mbio mmeshinda, pointi mmezipoteza, na wengi pale jukwaani hawajui.

Jumla kuna mashindano 12: matatu ya kupokezana, nane ya mtu mmoja mmoja majini, na moja la kupiga mbizi kutoka ubaoni. Kwenye kupokezana pointi ni 8, 4 na 2. Ukijumlisha zote unapata 186, kwa hiyo anayefika 94 ameshinda siku hiyo. Na kanuni inasema mwogeleaji haingii mashindano zaidi ya manne, na katika hayo ya mtu binafsi yasizidi mawili. Maana yake nyota wenu, awe na kasi ya namna gani, peke yake analeta pointi 12. Kwenye kupokezana anaingia na wenzake watatu. Zilizobaki hadi 94 zinatoka kwa vijana ambao hakuna mtu anayewapigia picha.

Missy Franklin alirudi kutoka Olimpiki ya London 2012 na dhahabu nne na shaba moja, akiwa na miaka 17, na akaamua kuogelea msimu wake wa mwisho wa sekondari na timu ya shule yake. Bingwa wa Olimpiki, dunia nzima inamjua, na bado kanuni ilimbana vile vile: mashindano mawili ya binafsi, basi. Naipenda sana kanuni hii. Imewekwa ili timu ya shule isigeuke kuwa timu ya mtu mmoja.

Soka nakuja nalo, niruhusuni nimalize bwawa.

Mleta uzi

Mwogeleaji wa tatu anaongezwa kasi wapi? Kwa uzoefu wangu, si kwa kumwogelesha masafa marefu zaidi. Anaongezwa ukutani.

Bwawa la yadi 25, mbio za yadi 100: kuna kuruka mara moja na kugeuka mara tatu. Simama ukingoni umtazame kijana wa tatu anavyoingia kwenye kona yake. Mita za mwisho anaacha kuvuta, anateleza huku ananyanyua kichwa kutafuta ukuta. Anajikunja taratibu, miguu inafika ukutani imekunjwa kupita kiasi au imenyooka mno, anasukuma kwa nguvu nusu, na akitoka tu anavuta pumzi kwenye mkono wa kwanza. Mwenzake wa njia ya pili bado yuko chini ya maji, mikono imebanana juu ya kichwa, anapiga teke la pomboo, miguu yote miwili pamoja kama mkia. Walifika ukutani pamoja, wametoka mmoja akiwa mbele kwa urefu wa mwili. Zidisha kwa tatu.

Hili linafundishika kwa mtoto yeyote. Kwa mtindo wa mgongo kuna bendera zimening'inizwa juu ya bwawa, mita tano kutoka ukutani kwenye mabwawa ya mita. Kila mtoto ahesabu mikono yake kuanzia bendera hadi ukuta, aijue kama anavyolijua jina lake, asigeuze shingo tena kutafuta. Kwenye mtindo huru, kuanzia bendera kuingia, pumzi hakuna. Chini ya maji anaruhusiwa hadi mita 15 baada ya kila kusukuma, lakini wa tatu wenu hazihitaji zote, akipata tano safi ameshapunguza muda.

Halafu kuna kupokezana. Anayeruka kwa mlio wa kuanzia anachelewa, mwili lazima usikie kwanza ndipo uondoke. Anayempokea mwenzake anamwona anakuja, anaanza kuzungusha mikono mapema, na miguu inaachia kibao cha kurukia sekunde ileile mkono wa mwenzake unapogusa. Tofauti ya hapo inakaribia nusu sekunde kwa kila mpokeaji. Wapokeaji ni watatu. Hiyo ni sekunde moja na zaidi bila mtu yeyote kuwa na kasi kuliko jana. Ila ukiondoka kabla mwenzako hajagusa, timu nzima inafutwa, kwa hiyo inataka mazoezi ya kila siku na watu wale wale.

Beijing 2008, kupokezana 4x100 mtindo huru. Kila mtu anakumbuka Mmarekani Jason Lezak alivyomkamata Mfaransa Alain Bernard mita za mwisho, akaogelea 46.06, Marekani ikashinda kwa sekunde 0.08 na Michael Phelps akabaki kwenye njia ya dhahabu zake nane. Wachache wanakumbuka kwamba kwenye mchujo Marekani iliweka kikosi kingine, akina Nathan Adrian, Ben Wildman-Tobriner, Matt Grevers na Cullen Jones, na hao wakavunja rekodi ya dunia kwa 3:12.23. Jones peke yake ndiye aliyeogelea tena fainali. Wale wa mchujo ndio waliowawezesha Phelps na Lezak kulala vizuri.

Kocha wa Jioni

Mkuu, ya bwawa nakubali asilimia mia. Hiyo hesabu ya 9 kwa 7 naichapisha naibandika ukutani.

Lakini kwenye soka usitupeleke huko. Bwawani kila mtu ana njia yake, wa tatu akiwa dhaifu hamwangushi wa kwanza. Uwanjani beki mmoja dhaifu anawazamisha kumi. Nikimtoa beki wangu wa kati nikamwingiza mtoto wa benchi ili naye acheze, straika wa wapinzani atanipiga mbili ndani ya dakika kumi. Wazazi hao hao wanaodai watoto wao wacheze ndio watakaonizomea.

Mleta uzi

Kocha, hoja yako nzito na sitaipita pembeni.

Kwanza tuelewane kanuni. Soka la kimataifa sabu ni tano, IFAB, chombo kinachotunga sheria za soka, iliziweka za kudumu 2022, na aliyetoka harudi. Sekondari za Marekani ni tofauti: mechi dakika 80, vipindi viwili vya 40, sabu hazina idadi, na aliyetoka anaweza kurudi katika nafasi zinazoruhusiwa mchezo ukisimama. Maana yake kocha wa shule amepewa kitu ambacho kocha wa Kombe la Dunia hana. Wengi hawakigusi. Wanacheza kumi na moja wale wale dakika zote, na mvua za sabu zinaanza mechi ikishakuwa tatu bila.

Sisemi ubadilishe kila mstari. Mabeki wa kati na kipa waache, uelewano wao unajengwa kwa kukaa pamoja. Badilisha wanaokimbia mbio fupi nyingi: mawinga, straika, kiungo anayekaba mbele. Winga akishatumika nusu saa ya kupanda na kushuka, mbio zake za kurudi zinakufa kwanza. Anapanda bado, maana kupanda kuna utamu, lakini kurudi anatembea. Hapo beki wako wa pembeni anabaki na watu wawili peke yake. Bao likiingia, lawama zinamwangukia beki.

Mwingize wa benchi dakika ya 25 kwa dakika 12, kazi moja tu: kimbia, rudi, funga njia. Usimpe kazi ya kuchezesha timu. Mwenye namba anapumzika, anakunywa maji, anarudi kipindi cha pili na miguu. Hesabu yake utaiona dakika za lala salama, na mabao mengi ya soka huingia mwishoni mwa mechi kuliko mwanzoni.

Na usisahau kalenda. Msimu wa shule ni mfupi na umebanwa, mechi mbili kwa juma ni kawaida na wakati mwingine tatu. Wale kumi na moja wako wanaocheza kila dakika, ikifika katikati ya msimu nyama za paja zinaanza kuvuta mmoja baada ya mwingine. Hapo utamwingiza wa benchi kwa lazima, siku ya mechi kubwa, na hajawahi kusikia kelele za jukwaa akiwa ndani ya mstari. Huo ndio wakati atakaokupigisha mbili.

Kocha wa Jioni

Hapo kwenye kumpa kazi moja tu umenigusa. Mimi huwa nawaingiza na maelezo marefu mpaka mtoto anaingia macho yamemtoka. Nitajaribu na mawinga.

Kipa wa Zamani

Wakuu naongezea la soka. Fainali ya Kombe la Dunia 2014, Ujerumani na Argentina. Bao pekee dakika ya 113: André Schürrle alipanda kushoto, akapiga krosi, Mario Götze akatuliza kifuani na kufunga. Wote wawili walitoka benchi. Götze aliingia dakika za mwisho za muda wa kawaida akimpokea Klose.

Lakini kuna kisa kingine ndani ya mechi hiyo ambacho makocha wa shule wanapaswa kukijua kuliko bao. Schürrle aliingia mapema, kipindi cha kwanza, kwa sababu Christoph Kramer alikuwa amegongwa kichwani na bega. Na Kramer mwenyewe alikuwa ameanza mechi kwa sababu Khedira aliumia wakati wa kupasha. Baada ya kugongwa alirudishwa uwanjani, akaendelea kucheza kwa dakika kadhaa, mpaka akamfuata refa kumuuliza kama hii ndiyo fainali. Baadaye hakukumbuka kipindi kile.

Hiyo ni fainali, madaktari wamejaa. Kwenye uwanja wa shule nani anamwona mtoto aliyegongwa? Kigezo changu ni kimoja: amegongwa kichwa, amepepesuka, ameshika kichwa, ameuliza swali la ajabu, anatoka na harudi siku hiyo. Hakuna kusubiri uone. Marekani jimbo la Washington lilipitisha sheria ya hili mwaka 2009 na majimbo mengine yakafuata: mwanafunzi anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo anatolewa, na harudi mpaka mtaalamu wa afya aandike kwamba yuko sawa. Na kurudi ni kwa hatua, kutembea, kukimbia, mazoezi bila kugusana, ndipo mechi. Akiumwa kichwa katikati ya hatua, anarudi nyuma.

Ukiwa na benchi lililozoea kucheza, uamuzi huo unakuwa mwepesi. Kocha asiyeliamini benchi lake ndiye anayemuuliza mtoto, "Unaweza kuendelea?" Na mtoto gani wa miaka 16 atajibu hapana?

Mama wa Wawili

Asanteni kwa uzi. Binti yangu anacheza soka msimu wa kwanza, ukiisha anahamia kuogelea moja kwa moja. Mwaka uliopita juma la kwanza bwawani alilia. Alikuwa na pumzi ya kukimbia mechi nzima lakini kwenye ubao wa kupigia mateke kila mtu alimpita, hata wadogo. Akaniambia miguu yake imeharibika. Ni nini kile? Na mdogo wake anafanya kinyume, anatoka bwawani kwenda soka, yeye analalamika ugoko.

Fundi wa Viungo

Dada, hakuna kilichoharibika. Nimewashughulikia vijana wengi wa aina hii.

Wa kwanza: teke la mtindo huru linataka unyayo unyooke nyuma kama wa mcheza densi, maji yasukumwe na mgongo wa mguu. Soka hukaza kifundo cha mguu, mwili unakifunga ili kisiteguke kwenye kukata kona na kupiga mpira. Kifundo kikiwa kigumu, unyayo unaning'inia kama nanga na mtoto anapiga teke bila kusogea. Wengine hata wanarudi nyuma kidogo. Ajikalie juu ya visigino, migongo ya nyayo ikiwa chini sakafuni, muda mfupi kila siku, bila kulazimisha maumivu. Mapezi mafupi nayo yanasaidia mwanzoni. Atafunguka taratibu. Na mpeni kocha wake wa kuogelea taarifa kwamba anatoka soka, asimpime kwa ubao juma la kwanza.

Wa pili: majini mwili haubebi uzito wake. Moyo na mapafu vinakua, mifupa ya mguu na kano hazijapata kazi ya kutua chini. Anaingia uwanjani na pumzi ya kukimbia siku nzima, kwa hiyo anakimbia siku nzima, na ugoko unapiga kelele. Majuma mawili matatu kabla ya bwawa kufunga aanze kukimbia na kuruka kidogo kidogo nchi kavu. Maumivu yakiwa chini kidogo ya goti, kwenye kile kifupa kinachojitokeza, na yuko kwenye umri wa kurefuka haraka, hiyo mara nyingi ni Osgood-Schlatter, kano ya goti inavuta sehemu ya mfupa ambayo bado inakua. Inatulia na umri, lakini apunguziwe kuruka na mbio, asisukumwe.

Maumivu ya mfupa yanayomwamsha usiku, au ambayo yanauma sehemu moja kwa kidole, hayo mpelekeni hospitali mapema.

Na kwa makocha wa soka hapa: kile kipindi cha kupasha cha FIFA 11+, dakika kama 20, hakihitaji vifaa. Utafiti wa Norway uliochapishwa 2008 ulikipima kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, umri huu huu tunaouzungumzia, na majeruhi walipungua kwa karibu theluthi. Timu zinazokimbia nusu duara mbili na kuanza kupiga mashuti golini zinajikosesha wachezaji wenyewe.

Mama wa Wawili

Mungu akubariki kaka. Ya kukalia visigino nitamwambia leo. Nilikuwa karibu kumwambia achague mmoja.

Klabu Kwanza

Mimi nitapinga uzi mzima. Kijana mwenye kipaji timu ya shule inampotezea muda. Makocha wa klabu wana leseni, mazoezi yana mpango wa mwaka, mechi ni za kiwango. Shule anaenda kupigwa mateke na watoto wasiojua kukaba, kisha anarudi klabuni kaumia. Waacheni wenye vipaji klabuni, shule ibaki kwa wengine.

Mleta uzi

Hii ilishajaribiwa kwa ukubwa wa nchi, ndugu. Shirikisho la soka la Marekani lilianzisha mfumo wake wa akademia mwaka 2007. Mwaka 2012 wakaupeleka kwenye msimu wa miezi kumi, na mchezaji wa akademia akakatazwa kuchezea shule yake, isipokuwa wachache waliopewa ruhusa maalumu. Sababu zao ndizo hizo zako: mazoezi mengi zaidi, mechi ngumu zaidi. Vijana wa miaka 15 wakalazimishwa kuchagua. Mwaka 2020 mfumo ule ukafungwa.

Sisemi ulifungwa kwa sababu ya shule, fedha na janga la mwaka ule vilikuwa na sehemu yake. Na sikatai kwamba klabu inafundisha mpira vizuri zaidi, mara nyingi ni kweli. Ninachokataa ni kwamba shule haina cha kumfundisha mwenye kipaji. Klabuni anacheza na wenzake wa kiwango chake, kila pasi inarudi safi. Shuleni kushoto kwake yuko mtu aliyeanza soka juzi, na yeye ndiye nahodha. Afanye nini ili yule wa kushoto acheze vizuri? Ampe mpira mguuni au kwenye nafasi? Amwambie nini akikosea mara ya tatu mbele ya shule nzima? Klabu haimwulizi maswali hayo. Mwogeleaji Katie Ledecky alishinda dhahabu ya mita 800 London akiwa na miaka 15, na aliendelea kuogelea na wenzake wa shule.

Hatari ya kuumia uliyoisema ni ya kweli. Dawa yake ni makocha wa pande mbili kuzungumza na kuhesabu mazoezi ya mtoto pamoja. Mtoto anayetoka mazoezi ya shule saa kumi na kuingia ya klabu saa kumi na mbili jioni, siku nne kwa juma, ataumia hata asipoguswa na mtu.

Mlinzi wa Bwawa

Naomba niweke neno la usalama, maana nimeona mmesifia sana kuogelea chini ya maji. Ni sawa, lakini msiwape vijana mashindano ya nani atakaa chini muda mrefu. Na wasivute pumzi nzito nyingi haraka haraka kabla ya kuzama. Kufanya hivyo kunaondoa hewa chafu ambayo ndiyo inayouambia mwili "panda upumue". Mtoto hasikii haja ya kupumua, oksijeni inaisha, anazimika chini ya maji kimya kimya, bila kurusha mikono. Mara nyingi huwa ni wale hodari, maana dhaifu huibuka mapema. Mateke ya pomboo yafanyike kwa masafa mafupi, na pumziko la kutosha kati yake, kocha akitazama maji na si simu.

Wa Njia ya Tano

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi, nipo kwenye timu ya kuogelea, na ndiye huyo wa tatu mnayemzungumzia. Kuna wakati wa nne. Naogelea yadi 500, urefu wa bwawa mara 20, mwenzangu anapiga magoti ukingoni ananionyesha kibao cha namba majini. Ikifika 15 huwa siioni tena vizuri, naona tu mkono wake unatikisa kibao.

Swali langu: kocha amepunguza mazoezi sana tukielekea mashindano ya mwisho. Nilitegemea nitajisikia mwepesi. Najisikia mzito, maji mazito, na mazoezini natumia muda mrefu kuliko zamani. Rafiki yangu anasema tuongeze wenyewe asubuhi. Nifanyeje?

Mleta uzi

Marahaba mwanangu. Usiongeze chochote.

Miezi yote mwili wako ulikuwa na uchovu uliorundikana na ukauzoea. Sasa mzigo umepungua, mwili unaanza kujitengeneza, na siku za mwanzo za kujitengeneza hizo hujisikii vizuri: mikono inakuwa kama si yako, usingizi unabadilika, unadhani umepoteza. Inapita. Kwa waogeleaji waliofanya kazi yao msimu mzima, kupunguza mazoezi kwa majuma mawili matatu huleta asilimia 2 hivi, wengine 3. Kwa mtu wa dakika sita kwenye yadi 500, asilimia 2 ni sekunde saba. Hizo hupati kwa mazoezi mawili ya asubuhi.

Umbali unapungua, kasi haipungui. Kwa hiyo zile mbio fupi za mwendo wa mashindano ambazo kocha anawapa, zifanye kwa ukweli wote. Lala. Na kwenye 500 yako usitoke na yule wa kwanza. Wewe mtu wako ni wa njia ya sita. Mfuate kiunoni hadi namba 13, halafu kila ukuta msogelee kwa mikono miwili. Ukimpita mmoja tu, kutoka wa nne kwenda wa tatu, wewe umepanda pointi moja na wao wameshuka moja. Tofauti imebadilika kwa mbili.

Wa Njia ya Tano

Asante mwalimu. Ya kubadilika kwa mbili sikuwahi kuifikiria.

Kocha wa Jioni

Mkuu kabla uzi haujapoa, nisaidie hili. Nimeombwa kusimamia kuogelea pia msimu huu. Nina mtoto mmoja mwenye kasi, anaweza kushinda yadi 100 huru au yadi 100 mgongo, lakini nafasi yake ya pili ya binafsi nimeshaijaza, imebaki moja. Kwenye huru nina mwingine mzuri. Kwenye mgongo sina mtu. Kila mtu ananiambia nimweke huru, ndiyo mbio ya heshima.

Mleta uzi

Weka kwenye karatasi, kocha, usisikilize heshima.

Huru bila yeye: tuseme mwenzake anashinda, na wengine wenu wanakuja wa nne na wa sita. Nyinyi 8, wao 8. Mkimwingiza badala ya yule wa sita: wenu wa kwanza, wa pili na wa tano, 11. Wao wa tatu, wa nne na wa sita, 5. Umetoka sare ukaongoza kwa 6.

Mgongo bila yeye: wao wanachukua tatu za juu, 13. Nyinyi 3. Mko nyuma kwa 10. Mkimwingiza: anashinda, wenzake wanakuja wa tano na wa sita, nyinyi 7, wao 9. Mko nyuma kwa 2 tu. Umeokoa 8.

Kwa hiyo mgongo, kama namba zako ziko hivyo. Chukua muda wa wapinzani kutoka mashindano yao yaliyopita, ujaze jedwali la kila shindano kabla ya kuandika jina lolote. Na yule mzuri wa huru, ambaye msimu wote angekuwa wa pili nyuma ya mwenzake, atashinda mbio yake mwenyewe.

Halafu yule wa sita kwenye mgongo mpeni zoezi la bendera kuanzia kesho. Akimkamata mmoja tu wa wapinzani, shindano hilo mmelitoa 8 kwa 8.